Mgonjwa au marehemu?

Tarehe 12 Januari 1967, huko California, mwalimu wa saikolojia James Bedford alikufa kwa kansa. Mwili wake ukagandishwa kwa tumaini kwamba sayansi ya kesho itamrudisha. Leo yuko Arizona, katika shirika la Alcor, ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Alcor hawamwiti marehemu. Wanamwita mgonjwa.

Neno hilo linatuhusu sisi wa lugha. Kiswahili kinatenganisha “anakufa” na “amekufa”: la kwanza ni safari, la pili ni hali ambayo mtu amekwisha kuiingia. Wagandishaji wanadai kwamba hata moyo ukisimama mtu bado anakufa, mradi muundo wa ubongo haujaharibika. Hoja si ya kijinga. Tangu 1984 watoto wamezaliwa kutokana na viinitete vilivyogandishwa, na mwaka 2023 watafiti wa Minnesota walitangaza kwamba figo za panya zilizokaa katika baridi kali hadi siku 100 zilipandikizwa na kufanya kazi.

Lakini kiinitete ni seli chache, na figo ya panya ni kama punje kubwa ya haragwe. Ubongo wa mtu una zaidi ya kilo moja. Maji yake yakiwa barafu, seli huharibika. Ndiyo maana siku hizi damu huondolewa, zikaingizwa dawa zinazofanya maji yawe kama kioo pasipo barafu. Nazo, kwa wingi unaotakiwa, ni sumu. Tena kioo hicho hupata nyufa kikipozwa mno. Kurudi ni kugumu zaidi: kiungo kisipopashwa joto haraka na kwa usawa, nje na ndani, barafu huzaliwa njiani. (Bedford aligandishwa kabla ya mbinu ya kioo, na kansa yake bado anayo.)

Wenzangu wa tafsiri watasema mfasiri huheshimu neno la mwenye hati. Kwa hati hii nakataa. “Mgonjwa” kwetu ni mtu ambaye leo kuna anayemhudumia, awe daktari au mganga, na wa kumfufua Bedford hajazaliwa. Mimi ningeandika “marehemu aliyehifadhiwa”. Mama atakayewekewa karatasi hiyo mbele yake atie sahihi na alipe, akisoma “mgonjwa”, atauliza anatoka lini.