MCHEZO NI WA WAWILI, FEDHA NI ZA NANI?

Ndugu zangu wafanyakazi, msiseme mambo ya Marekani hayatuhusu.

Huko vyuo vikuu hucheza mpira wa Kiamerika, na kampuni za televisheni hulipa ili kuuonyesha. Zamani chama chao kikubwa, NCAA, ndicho kilichofanya mapatano kwa niaba ya vyuo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ilikataa, ikasema chama kinazuia biashara huru. Basi makundi ya vyuo yakaanza kujiuzia yenyewe, na mwenye nguvu akajipimia fungu.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Texas kilipatana na ESPN kiwe na stesheni yake peke yake, dola milioni 300 kwa miaka 20. Wenzake wa kundi lile hawakugawiwa kitu. Sasa nauliza, Texas ilikuwa ikicheza na nani? Na kivuli chake? Treni ya mizigo ikifika Nairobi salama, sifa si ya dereva tu. Yuko aliyefunga mabehewa, yuko aliyegeuza njia, nao hula mshahara.

Tena wanyonge huachwa njiani. Mwaka 2024 vyuo 10 vya kundi la Pac-12 vilihamia makundi mengine, sababu kubwa ikiwa fedha za televisheni. Vikabaki viwili, Oregon State na Washington State. Mimi nasema fedha za mchezo zigawanywe sawa kwa wote wanaoucheza. Vijana wa vyuo hivyo viwili hukimbia uwanja wa yadi 100 ule ule.