Madigadi ya malori nayo yakaguliwe

Wenzangu tunaopita Rusumo na Kobero kwa baiskeli au gari dogo tunaijua adha ya kufuata lori lisilo na madigadi. Jiwe hunasa kati ya matairi pacha, kisha likichomoka huruka nyuma kama risasi. Jicho likipona, kioo kimekwenda. Masika ni tope tupu.

Wenye malori wana hoja yao, nami siipuuzi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha juu cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani haibembelezi. Madigadi ya bati la chuma la milimita 2, yenye upana wa kufunika matairi pacha, hayapungui kilo 20 kila moja. Lori na trela lenye ekseli tano za matairi pacha linahitaji kumi. Hizo ni kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji! Tena chuma hicho hushika kutu, hupasuka penye welding kwa mtikisiko, na kikining'inia hukata tairi. Ndiyo maana wengi hukingʼoa wakakitupa.

Lakini dawa si kwenda bila kitu. Plastiki ile ya matangi ya maji, kwa ujazo uleule, ina uzito wa kama sehemu moja ya nane ya chuma. Hata ikiwa na unene wa milimita 5, digadi moja ni kilo 6 hivi. Jiwe likiigonga hunepa na kurudi, haibonyei. Aluminiamu nayo ni nyepesi, ila hupasuka kwa mtikisiko, na si kila fundi wa kando ya barabara anaweza kuiunga.

Nasema na ndugu zangu mliorudi kutoka Ngara na Kigoma na ufundi wenu mikononi. Tangi jeusi lililotoboka, la upana unaozidi tairi kidogo, tayari lina mkunjo unaotakiwa. Likate, lishikilie kwa mabomba mawili, weka mpira kwenye bolti, wala usichomelee kwenye chesisi. Acha nafasi ya kutosha juu ya tairi, maana lori likishiba springi hulala, na tope lisipopata pa kutokea hugandamana.

Serikali zetu nazo, kwa kuwa maofisa wa nchi mbili sasa wanakaa pamoja mpakani, ziwape kazi moja zaidi: lori lisilo na madigadi lisivuke hadi lifungwe.