Tumheshimu Anayesukuma



Katika toleo lililopita la gazeti letu, ukurasa wa michezo ulitaja majina ya wavulana wanne wa timu ya raga. Wote wanne walikuwa wafungaji. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikatai kwamba nilifurahi sana, hata nikalipeleka gazeti nyumbani ili mama alione jina langu. Lakini siku chache baadaye mwenzetu mmoja, propu wa timu yetu, alirudisha jezi yake kwa mwalimu wa michezo, akasema hatacheza tena. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba amechoka kuitwa gunia la mahindi na watu wasiojua hata kazi yake ni nini. Nami naungama: nilikuwa miongoni mwa waliomwita hivyo. Jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa wale wasiocheza raga, nieleze kidogo. Katika skramu watu wanane wa kila upande hushikana, wakainama, wakasukumana. Mbele kabisa husimama watatu: wa katikati huvuta mpira kwa mguu, na mapropu wawili humshika kwa kila upande kama nguzo za nyumba. Propu husukumwa na wenzake kutoka nyuma na maadui kutoka mbele, na shingo yake iko katikati. Akishindwa yeye, timu nzima hurudi nyuma. Akishinda, winga kama mimi hupata mpira safi, akakimbia, akashangiliwa.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tendai Mtawarira alizaliwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1985, akasoma Churchill na baadaye Peterhouse. Shuleni hakuwa propu. Alicheza nyuma ya skramu, mahali ambapo mtu hukimbia na mpira na kuonekana na watu. Alipokwenda Durban kujiunga na timu ya Sharks, kocha Dick Muir alimshauri aende mstari wa mbele. Ndugu zangu, hebu fikirini: kijana ameiacha nchi yake kwa ajili ya mchezo, kisha anaambiwa aache analolijua, ajifunze upya kazi isiyo na sifa. Wengi wetu tungefunga mizigo. Yeye alikubali.

Mwezi wa Juni mwaka 2008 aliichezea Afrika Kusini kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales. Hadi alipostaafu mechi za kimataifa mwaka 2019 alikuwa amecheza mechi 117 za taifa, idadi ambayo hakuna propu wa nchi hiyo aliyekuwa ameifikia. Na trai alizofunga katika mechi hizo zote? Zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kama gazeti la Afrika Kusini lingeandikwa kama letu, jina lake lisingeonekana ila mara chache sana.

Lakini watazamaji wa kule walimjua. Kila aliposhika mpira, uwanja mzima uliunguruma kwa jina lake la utani, Beast, yaani mnyama mkali. Tena njia yake haikuwa tambarare. Mwaka 2010 yalizuka maneno kama alistahili kuichezea nchi ambayo hakuwa raia wake, na mwaka huo huo akapewa uraia. Mwaka 2012 moyo ulimwenda mbio hata akalazwa hospitali. Alitibiwa, akarudi uwanjani kabla mwaka haujaisha.

Pengine mtu atasema: mechi hushindwa kwa pointi, na pointi huletwa na wafungaji. Basi na atazame fainali ya Kombe la Dunia, Yokohama, tarehe 2 Novemba 2019. Afrika Kusini iliishinda Uingereza 32 kwa 12. Watu wazikumbuka trai mbili za mawinga, Makazole Mapimpi na Cheslin Kolbe. Lakini hadi mapumziko Afrika Kusini ilikuwa mbele 12 kwa 6, na hakuna trai hata moja iliyokuwa imefungwa. Pointi zote zilitokana na penalti, na skramu ndiyo iliyokuwa ikiwaelemea Waingereza na kuwatia makosani. Mtawarira ndiye aliyesukuma upande wa kushoto. Mawinga walikuja baadaye kuvuna shamba lililokwisha kulimwa.

Lakini ukurasa huu usiwe wa kumsifu mshindi tu. Mwezi wa Juni mwaka 2009, huko Durban, Mtawarira alimlemea Phil Vickery wa Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, mbele ya macho ya dunia. Vickery alikuwa amekwisha kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, naye siku hiyo alitolewa nje mapema katika kipindi cha pili. Wiki mbili baadaye, huko Johannesburg, alirudi kukabiliana na mtu yule yule, akasimama imara, na Lions wakashinda 28 kwa 9. Mwaka uliofuata Vickery aliacha kucheza kwa sababu ya maumivu ya shingo. Hapo twaona mambo mawili: ushujaa wa propu, na gharama yake.

Kwa hiyo sisemi kila mvulana mnene akamatwe na kutiwa katika skramu. La hasha. Hilo ni kosa jingine, tena la hatari, maana shingo ya mtoto asiyefundishwa yaweza kuvunjika. Propu hufundishwa polepole namna ya kuinama, kushika na kunyoosha mgongo, na asiyetaka asilazimishwe.

Ninayoyaomba ni matatu. Kwanza, mhariri achapishe majina ya wachezaji wote kumi na watano, si ya wafungaji peke yao. Pili, wanafunzi wa zamani waliocheza mstari wa mbele waje Jumamosi moja kwa muhula wawafundishe wadogo zao, kwa kuwa wengi wetu tu vipofu katika kazi hiyo. Tatu, sisi wanafunzi tuache majina ya dharau. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Hata mbio zangu zote hazina faida kama hakuna aliyenipatia mpira.

Kuhusu mwenzetu yule, nimekwenda bwenini kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza, akasema atafikiri. Jezi namba moja bado imetundikwa katika chumba cha michezo, nasi hatujapata wa kuivaa. Nimeahidi kwamba akirudi, nitakaa baada ya mazoezi nisukumane naye mpaka nijue uzito anaoubeba kwa ajili yangu.

Winga wa Kidato cha Tatu