Muuguzi Apewe Nyenzo za Kuamua

Tumezoea kumwona muuguzi kama mkono wa daktari: daktari huamua, yeye hutenda. Fikira hiyo haina nafasi Kaikor, kaskazini mwa Turkana. Huko, mbali na hospitali kuu ya Lodwar, aghalabu mgonjwa hupokewa na muuguzi, na pengine asionane na mtaalamu mwingine. Maadamu uamuzi ni wake, hauna budi kujengwa juu ya ushahidi.

Mazoea yaweza kuua. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu alitiliwa maji mengi mshipani kwa haraka. Mwaka 2011 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya waliotiliwa maji hayo kwa haraka, takriban 11 katika kila 100 walifariki katika muda wa saa 48. Miongoni mwa wasiotiliwa walifariki 7. Utafiti huo haukuhusu watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha, ambao wana tiba yao. Hata hivyo, ulithibitisha kuwa nia njema pekee haitoshi.

Malaria nayo ina funzo. Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani hushauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, ikiwezekana. Muuguzi akigawa dawa ya malaria kwa kila homa, nimonia ya mtoto yaweza kupita bila kutambuliwa. Lakini atapimaje ikiwa vipimo vimekwisha?

Isitoshe, muuguzi huzalisha ushahidi. Daftari lake, likiandikwa kwa uaminifu, huonyesha kama malaria huja na mvua tu au hudumu mwaka mzima. Wakubwa wakilikusanya na kulifungia kabatini, maarifa hayo hupotea bure.

Kwa hiyo, serikali ya kaunti ihakikishe kwamba vipimo na miongozo mipya inafika Kaikor kama inavyofika Lodwar, na wauguzi warejeshewe matokeo ya takwimu wanazopeleka. Nao walimu wa vyuo vya uuguzi, pamoja na tawi la KMTC mjini Lodwar, wamzoeze mwanafunzi kuuliza, "Tunajuaje kuwa tiba hii inafaa?" Mwanafunzi aulizaye hivyo asihesabiwe mkaidi. Kesho huenda akawa peke yake zamu, na mtoto mwenye homa mbele yake.