Tunawafundisha Watoto Kumcheka Nani?

Wako baadhi ya walimu wetu ambao, ukiwauliza kwa nini wamechagua mchezo fulani uigizwe siku ya wazazi, hukujibu kwa neno moja tu: unachekesha. Jibu hilo hutolewa kana kwamba limemaliza mjadala, na mgeni rasmi, ambaye mara nyingi ni mtumishi wa Serikali aliyekaa kiti cha mbele, hupiga makofi na kurejea ofisini kwake bila ya kujiuliza lolote. Makala haya yanakusudia kulipinga jibu hilo. Na ili asitokee mtu wa kudai kwamba tunamsema kwa mafumbo mwalimu mkuu wa mtaa wa pili, tutautoa mfano wetu mbali kabisa, katika shule za sekondari za Marekani, ambako kwa miongo mingi wanafunzi wameigiza mchezo wa nyimbo na ngoma uitwao Li'l Abner.

Mchezo huo asili yake ni katuni. Al Capp aliichora hadithi yake magazetini tangu Agosti 1934 hadi Novemba 1977, na mamilioni ya Wamarekani waliifuata siku kwa siku. Mambo yake hutokea Dogpatch, kijiji cha kubuni cha wakulima maskini wa Kizungu wa milimani. Yumo Abner, kijana mwenye misuli mingi na akili kidogo. Yumo Daisy Mae, msichana mzuri aliyevaa tambara, ambaye kazi yake kubwa duniani ni kumkimbilia Abner ili amwoe. Yumo mama anayevuta kiko na kuitawala nyumba kwa ngumi, na baba asiyependa kazi. Mwaka 1956 Norman Panama na Melvin Frank waliigeuza katuni hiyo kuwa mchezo wa jukwaani. Gene de Paul alitunga muziki na Johnny Mercer akatunga maneno ya nyimbo. Ulifunguliwa Broadway, mjini New York, tarehe 15 Novemba mwaka huo, ukaonyeshwa mara 693. Baada ya hapo ukateremka mashuleni.

Mashule yaliupenda kwa sababu zinazoeleweka. Wahusika ni wengi, hata mwanafunzi asiyejua kuimba hupata mahali pa kusimama. Maleba ni matambara. Mandhari ni vibanda vya mbao ambavyo wanafunzi wa ufundi huweza kuvipigilia misumari wenyewe. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia mchezo wa shule kwa fedha za kuombaomba anaujua utamu wa hesabu hiyo. Hatuna ugomvi na jasho hilo. Watoto themanini wanaofanya kazi pamoja miezi mitatu, huyu akishona, yule akipaka rangi, wengine wakipuliza tarumbeta, wanajifunza ushirikiano kuliko watakavyojifunza kwa kuimbishwa neno lenyewe darasani. Ugomvi wetu ni juu ya kile ambacho jasho hilo linatumikia.

Hebu tuitazame hadithi. Seneta Phogbound, mbunge wa watu wa Dogpatch, anawasili kijijini na habari: Serikali mjini Washington imekitafuta kijiji kisicho na faida kuliko vyote nchini Marekani, na Dogpatch imeshinda. Kwa hiyo wakazi wahame, ili bomu la atomiki lipate mahali pa kujaribiwa. Uwanja wa zamani, ulio karibu na Las Vegas, umeonekana haufai tena kwa kuwa milipuko inawasumbua wacheza kamari! Wanakijiji wanahaha kutafuta kitu kimoja tu chenye manufaa katika kijiji chao, ili waruhusiwe kubaki katika ardhi ya baba zao. Ukumbi unacheka.

Ni jambo la kuchekesha, la hasha, hatulikani. Lakini ni nani aliyewaambia wanafunzi hao kwamba jambo hilo lilikwisha kutokea kweli, na kwamba waliotendewa ni watu hao hao wa milimani wanaowaigiza kwa matambara na kiko?

Mwaka 1942 Serikali ya Marekani ilitwaa ardhi katika mabonde ya mashariki ya Tennessee. Walikuwapo wakulima wa vijiji vya Wheat, Elza, Robertsville na Scarboro, watu wapatao 3,000, wenye mashamba, makanisa, shule na makaburi ya wazee wao. Walipewa notisi, wengine majuma mawili au matatu tu kabla ya kuondoka. Hawakuelezwa sababu, kwani sababu ilikuwa siri ya vita. Mahali pao ukajengwa mji wa Oak Ridge, na humo ndimo iliposafishwa madini ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Hiyo ndiyo Dogpatch ya kweli. Miaka 14 tu baada ya notisi hizo, mabingwa wa Broadway waliliweka jambo hilo jukwaani likiwa utani, na wahamishwaji wakiwa wajinga.

Wala mambo hayakuishia Tennessee. Mwezi Machi 1946 watu 167 wa kisiwa cha Bikini, katika bahari ya Pasifiki, walihamishwa na jeshi la wanamaji la Marekani, wakiahidiwa kwamba ni kwa faida ya binadamu wote. Walipelekwa Rongerik, kisiwa kisichoweza kuwalisha, wakafikwa na njaa. Kati ya 1946 na 1958 Bikini ilipigwa milipuko 23 ya nyuklia. Mmoja wao, wa tarehe 1 Machi 1954, ulimwaga majivu yenye sumu juu ya watu wa Rongelap. Katika Nevada yenyewe majaribio yalianza Januari 1951, katika ardhi ambayo Wahindi Wekundu wa kabila la Shoshone hadi leo wanasema ni yao. Upepo ukayachukua majivu hadi Utah, na mwaka 1953 wafugaji wakaona kondoo wao wakifa kwa maelfu. Sheria ya kuwalipa fidia watu waliokaa kwenye njia ya upepo huo haikupitishwa mpaka 1990. Kwa hiyo mchezo ulipofunguliwa mwaka 1956, majivu yalikuwa bado yakianguka.

Hapa msomi mmoja atainua mkono. Atasema kwamba mwandishi wa makala haya hajui maana ya dhihaka. Kwamba mchezo huo unawacheka wakubwa, si wanyonge. Atatutajia Jenerali Bullmoose, bepari mnene anayeamini kwamba lililo jema kwake ndilo jema kwa taifa zima, na atatukumbusha kwamba mzaha huo ulichongwa kutokana na maneno ya Charles Wilson, mkuu wa kampuni ya General Motors, ambaye mwaka 1953, alipohojiwa na Baraza la Seneti ili awe Waziri wa Ulinzi, alieleza kwamba kwa miaka mingi alidhani jema la nchi ni jema la General Motors, na la General Motors ni jema la nchi. Tunakubali. Hapo Capp na wenzake waliuma kweli, na tunadhani hakuna mchezo mwingine wa mashuleni wa enzi ile uliothubutu kumweka tajiri wa namna hiyo mbele ya wazazi, ambao huenda wengine wao walikuwa waajiriwa wake.

Tunaongeza hata ushahidi upande wa mpinzani wetu. Mwaka 1948 Capp alichora viumbe waitwao Shmoo, wapole, wanaotaga mayai, wanaotoa maziwa, na wanaojigeuza kitoweo kwa furaha ili mtu yeyote asilale njaa. Mabepari wanatambua kwamba mtu aliyeshiba bure hanunui wala hahofii kufukuzwa kazi. Basi wanaamuru viumbe hao wauawe wote. Huo ulikuwa uchambuzi wa ubepari ulio wazi kuliko vitabu vingi vya uchumi. Lakini hadithi hiyo siyo iliyochaguliwa kuwa kiini cha mchezo wa 1956. Jino hilo lilibaki gazetini.

Na tazama jinsi mchezo unavyomalizika, maana ubishi wote wa dhihaka unaamuliwa na mwisho. Je, wanakijiji wanakataa kuondoka? Wanamfukuza Phogbound? Wanakutana hata mara moja chini ya mti wakaamua jambo? Hapana. Mama Yokum ana dawa ya kienyeji inayowafanya wanaume kuwa majabali, na Bullmoose anaitaka ili ahodhi faida yake; fitina na mbio za harusi zinafuata. Hatimaye, siku ya kuhama imefika, sanamu ya Jubilation Cornpone inateremshwa. Huyo alikuwa jenerali wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sifa yake ni kwamba alishindwa kila pigano. Chini ya sanamu linaonekana bamba la Abraham Lincoln, likitangaza Dogpatch kuwa mahali patakatifu pa taifa, kwa shukrani kwamba uzembe wa jenerali huyo uliisaidia Kaskazini kushinda. Kijiji kimepona.

Kimepona kwa nini? Kwa hati ya mkubwa aliyekufa zamani. Wakazi wenyewe hawakufanya kitu. Kama bamba lisingekuwapo, wangekuwa njiani na vifurushi vyao, wakicheza ngoma. Wakulima wa Wheat hawakuwa na bamba. Watu wa Bikini hawakuwa na bamba. Tena angalia jambo jingine linalopita kimya kimya: vita hivyo, ambavyo kiini chake kilikuwa utumwa wa Mwafrika, vinatajwa katika mchezo wote kama kichekesho cha jenerali mzembe, na Mwafrika mwenyewe hana mahali katika Dogpatch. Mwanafunzi mweusi wa Marekani aliyepewa sehemu katika mchezo huo alitakiwa aishangilie sanamu ya mtu aliyepigana ili babu yake abaki mtumwa.

Kuhusu wasichana tutasema kwa kifupi, ingawa jambo lenyewe si fupi. Capp alibuni mwaka 1937 siku iitwayo ya Sadie Hawkins, ambapo wasichana huwakimbiza wavulana, na aliyekamatwa huoa. Kufikia 1939 gazeti la Life liliripoti kwamba siku hiyo inasherehekewa katika vyuo 201. Hiyo ndiyo nguvu ya katuni! Wanaodai kwamba ni mchezo tu watueleze ni hotuba gani ya waziri iliyowahi kubadili mwenendo wa vyuo 201 kwa miaka miwili. Na katika mashindano hayo, yanayoonekana kumpa msichana uhuru, tuzo anayoruhusiwa kuitafuta ni moja: mume. Ni vema pia mwalimu anayewavika mabinti wa miaka kumi na sita tambara la Daisy Mae ajue kwamba mwaka 1972 Capp alikiri kosa mbele ya mahakama ya Wisconsin, katika kesi iliyotokana na malalamiko ya mwanafunzi wa chuo.

Mtu atauliza: yote haya yanamhusu nini mwalimu wa Tabora au karani wa Lindi? Yanamhusu sana. Nenda kwenye tamasha lolote la shule zetu, uhesabu. Mhusika anayepokewa kwa kicheko kikubwa kabla hajafungua kinywa ni mtu wa shamba: suruali imekunjwa mguu mmoja, fimbo mkononi, Kiswahili chake kimepindishwa kwa lafudhi ya kabila fulani. Amekuja mjini, haijui simu, anaibiwa. Wanafunzi wanaomwigiza, wengi wao, wamelipiwa sare na mtu huyo huyo, kwa korosho, pamba au mahindi yake. Kasumba hii hatukuletewa na Al Capp. Tunaitengeneza wenyewe, katika madarasa yetu, bila ya kulipa ada ya haki kwa kampuni yoyote ya New York.

Hatusemi katuni isipande jukwaani. Nchi hii ilikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na wasomaji wa miaka ya 1970 walikuwa wakimtafuta kabla ya habari za ukurasa wa kwanza. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Kwa idhini ya wenye haki, mwalimu mwenye bidii anaweza kabisa kuzifanyia michoro ya namna hiyo nyimbo na ngoma. Lakini kabla ya mazoezi ya kwanza awakalishe wanafunzi wake, awaulize juu ya kila kicheko: anayechekwa hapa ana uwezo gani wa kujitetea? Mkulima aliyedanganywa mizani na mnunuzi anaweza kuchekesha. Mnunuzi anayeificha mizani chini ya gunia anachekesha zaidi.

Wala asiseme mtu kwamba mkulima hawezi kubeba mchezo mzima asipokuwa mjinga. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya 1969, aliwaweka jukwaani wakulima wanaobishana, wanaotia shaka, wanaopanga vita dhidi ya Mjerumani, na wanaoulizana kama maji yatazuia risasi au hayatazuia. Tamthilia hiyo imesomwa na kuigizwa mashuleni, na wazazi walikaa mpaka mwisho.

Mwalimu wa Marekani ana kikwazo ambacho sisi hatuna. Mkataba anaoutia sahihi ili auonyeshe mchezo ule unamkataza kubadili maneno bila ya ruhusa. Akitaka kuingiza Oak Ridge, hana mahali isipokuwa katika karatasi ya ratiba wanayogawiwa watazamaji mlangoni. Mwalimu wetu anayetunga ngonjera au kichekesho chake mwenyewe hajafungwa na mkataba wowote. Kalamu anayo, na muhula ujao haujaanza. Yule mtu wa suruali iliyokunjwa mguu mmoja amwandikie maneno gani, na ampe nani aigize: hayo ataamua yeye, wala hataweza kusema kwamba ameamuliwa na mtu mwingine.