Majengo ya Umma Yatoe Hesabu

Mwananchi aingiapo katika ofisi ya Serikali, iwe Kibaha au Kisarawe, hukuta mlangoni matangazo mengi: saa za kazi, onyo juu ya rushwa, orodha ya huduma. Asichokikuta ni hesabu ya umeme unaotumiwa na jengo lile, ambao bei yake hutoka katika fedha za umma. Nyumbani kwake mambo ni mengine. Mita ya LUKU humwonyesha uniti zilizosalia, na zikiisha taa huzimika. Mama wa nyumba wa Mlandizi aweza kukutajia matumizi yake ya mwezi bila kutazama karatasi. Je, wakuu wangapi wa majengo makubwa waweza kufanya hivyo?

Dawa ya jambo hili yajulikana. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 2002 kwamba kila jengo la umma linalozidi mita za mraba 1,000 libandike mahali pa wazi cheti cha matumizi yake ya nishati. Mwaka 2015 kipimo hicho kilishushwa hadi mita 250. Denmark ilikuwa imekwisha kutangulia kwa utaratibu wake ulioanza kutumika mwaka 1997. Nayo ndiyo Denmark ile iliyoungana na Finland, Norway na Sweden kutujengea kituo cha elimu cha Kibaha, kilichokabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Jirani zetu wa Kenya nao walitunga kanuni mwaka 2012, kwamba mahali panapotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka pakaguliwe kila baada ya miaka mitatu.

Watakuwapo watakaosema kwamba sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, basi ya nini kubana matumizi? Hao wanachanganya mambo mawili. Wingi wa umeme hauondoi bei yake. Shilingi iliyopozea chumba kisicho na mtu haiwezi tena kununua dawa wala dawati. Nasi sote tumeviona vyumba hivyo: madirisha ya vioo yanayolitazama jua la magharibi, kiyoyozi kinanguruma, na mlango uko wazi. Wazee wetu wa pwani walijenga kuta nene, dari ndefu na baraza yenye kivuli, wakalala bila mashine.

Lakini cheti chenyewe kisije kikawa pambo. Viko vyeti vinavyoandikwa kwa kukisia michoro ya jengo, na viko vinavyoandikwa kwa kusoma mita ya mwaka mzima. Twataka hivi vya pili. Mchoro husema jengo lingeweza kuwa namna gani. Mita husema watu wanafanya nini ndani yake.

Tena liko jambo lililo zito zaidi. Tukipima uniti kwa kila mita ya mraba tu, zahanati ya kijijini isiyo na jokofu la chanjo wala taa ya kuzalishia itapata alama ya juu kabisa, na Hospitali ya Tumbi, ambayo haiwezi kuzima mashine zake usiku, itaonekana mbadhirifu. Hiyo itakuwa dhuluma. Giza si uangalifu. Hospitali ilinganishwe na hospitali, shule na shule, na cheti kitaje pia huduma inayotolewa. Pale penye upungufu kiseme wazi kwamba umeme zaidi unahitajika.

Wala tusihesabu umeme peke yake. Katika shule za bweni nishati nyingi huishia jikoni. Wakazi wa Kisarawe wanajua misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilivyoliwa na mkaa na kuni. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mwezi Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mzazi atajuaje kama agizo lile linatekelezwa katika shule ya mwanawe? Cheti kisichotaja lori la kuni lililoingia kwa mlango wa nyuma kitakuwa cha uongo, hata kama kila namba ya umeme ni sahihi.

Twauomba Mkoa wa Pwani usingoje sheria mpya. Kusoma mita na kubandika karatasi hakuhitaji mfadhili. Ianze Ofisi ya Mkuu wa Mkoa yenyewe, zifuate halmashauri za Kibaha na Kisarawe, Tumbi, na shule za bweni kama Minaki. Hesabu ya miezi kumi na miwili iwe mlangoni kabla ya vikao vya bajeti ijayo, ili madiwani waingiapo kuomba fedha za umeme waipite wakiisoma.