Cherehani Isiyopenda Uzi wa Rahisi

Mpelekee fundi wa nguo uzi wa bei ya kutupa, naye atakuambia bila hata kutabasamu kwamba cherehani yake haiupendi. Hatasema uzi unakatika, ingawa ni kweli unakatika. Atasema cherehani imezoeshwa vizuri, ukiipa takataka inanuna. Akitoka kwenda kuswali, mwanafunzi wake akaikalia kwa muda, akirudi atajua, na atauliza nani kamchezea mwenzake. Dereva wa lori anazo habari kama hizo za gari linalochukia mlima fulani. Bibi anayo sufuria moja, imebonyea na mfuniko wake si wake, lakini pilau ya sikukuu haitii mguu ndani ya sufuria nyingine. Toleo hili ni la watu hao na vitu vyao, na hatukuliandaa ili tuwacheke.

Najua watakaocheka. Baadhi watasema huu ni utoto, wengine watasema ni ushirikina, na kila kundi linastahili jibu lake.

Kuhusu utoto, jibu lipo tangu mwaka 1944. Fritz Heider na Marianne Simmel, wanasaikolojia waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walitengeneza filamu fupi ya pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara dogo, zikizunguka karibu na umbo la mstatili lenye mlango. Hakuna sura, hakuna neno. Wakawaonyesha wanafunzi wa chuo, wakawaambia waandike walichokiona. Kasoro mmoja tu, wote waliandika habari za viumbe hai: pembetatu kubwa ni mbabe, ndogo anajitetea, duara ameogopa na kujificha ndani. Hao ni watu wazima, wasomi, wakiyaonea huruma maumbo ya hesabu. Ukiona roho katika redio inayohitaji kofi ndipo iseme, basi unafanya jambo ambalo akili ya binadamu hulifanya bila kuombwa.

Kuhusu ushirikina, nawakumbusha Waislamu wenzangu kisa ambacho wengi tulikisikia chuoni kabla hatujajua kusoma vizuri. Kimo katika hadithi za Bukhari. Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubia akiwa ameegemea kigogo cha mtende. Alipotengenezewa mimbari akakiacha, kigogo kikalia hadi waliohudhuria wakakisikia. Mtume akashuka, akakikumbatia mpaka kikatulia. Waumini wamekisimulia kisa hiki karne na karne, na hakuna aliyeanza kuabudu vigogo. Upanga wa Mtume nao ulikuwa na jina, Dhulfiqar. Wakatoliki wana desturi ya kubariki kengele ya kanisa na kuipa jina la mtakatifu. Kukipenda kitu na kukisujudia ni mambo mawili, na sijaona fundi aliyechanganya.

Hapo nimewajibu wanaocheka. Ninalotaka kulisema mimi ni jingine: mapenzi haya yana kazi. Mtu akishaipa cherehani tabia, anaanza kuisikiliza. Anaijua sauti yake ikiwa na njaa ya mafuta, anabadilisha mkanda kabla haujakatika, anaifunika jioni vumbi lisiingie. Hizi Singer nyeusi zenye maua ya dhahabu, ambazo bado zinashona barazani zikiwa na umri mkubwa kuliko wanaozikalia, hazikufika hapa kwa chuma peke yake. Kuna mtu kila kizazi aliyeona aibu kuzitupa.

Wajapani wameigeuza aibu hiyo kuwa ibada. Kila tarehe 8 Februari, katika hekalu la Sensoji jijini Tokyo na kwingineko, washonaji hupeleka sindano zilizovunjika au kupinda mwaka mzima na kuzichomeka katika tofu, ile jibini laini ya soya. Wanazishukuru. Sindano iliyotoboa vitambaa vigumu mwaka mzima inapewa mahali laini pa kulala. Mimi hili linanigusa kuliko hotuba nyingi za mazingira nilizowahi kuketishwa nizisikilize.

Lakini ni Japani hiyohiyo inayotupa kisa kinachonisumbua. Mwezi Juni 1999 kampuni ya Sony ilianza kumuuza Aibo, mbwa wa plastiki na nyaya, kwa yeni 250,000. Mbwa 3,000 waliotengewa soko la Japani waliisha katika dakika 20. Watu wakawapa majina, wakazeeka nao, wajane wakazungumza nao jioni. Mwaka 2006 Sony ikaacha kuwatengeneza. Mwaka 2014 ikafunga huduma ya ukarabati, huduma ambayo yenyewe ilikuwa imeipa jina la kliniki. Wenye mbwa wagonjwa wakakimbilia A-Fun, kampuni ndogo ya mafundi waliowahi kufanya kazi Sony. Vipuri vipya havikuwapo, ikabidi vitolewe kwa mbwa waliokwisha kufa. Na kabla ya kufunguliwa, mbwa hao wakaanza kusomewa dua: tangu 2015 hekalu la Kibudha la Kofukuji, mjini Isumi, limewafanyia maziko, wakiwa wamepangwa safu kwa safu, kila mmoja na kikaratasi kinachoeleza familia aliyotoka.

Fundi redio wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, akiona picha hiyo atatambua rafu yake mwenyewe: redio kumi zilizokufa zikisubiri kuiponya ya kumi na moja. Tofauti ni dua tu. Kinachonisumbua si maziko, ni kliniki iliyofungwa. Kampuni ilijua inauza mapenzi, ikayatoza bei ya mapenzi, kisha ilipochoka ikakumbuka kwamba ni bidhaa tu.

Tangu hapo biashara hiyo imekua. Moxie alikuwa roboti wa watoto kutoka kampuni ya Embodied ya Marekani, bei yake dola 799, uso wake wa duara na sauti ya upole. Akili yake haikukaa kiwiliwilini, ilikuwa katika seva za kampuni. Desemba 2024 Embodied ikatangaza kwamba fedha zimekwisha na inafunga. Wazazi wakabaki na kazi ya kumweleza mtoto wa chekechea kwa nini rafiki yake atanyamaza, ilhali hajaanguka wala hajaharibika popote. Kilichokuja kuwaokoa wachache ni kwamba kampuni iliachia programu ambayo mwenye ujuzi angeweza kuiendesha nyumbani kwake, yaani iliwaruhusu kufungua mlango.

Kwa hiyo msimamo wa jarida hili ni huu. Jina linalotoka mdomoni mwa mtumiaji, baada ya kitu kumfaa kwa miaka, ni jina halali. Kitu kinachotoka kiwandani tayari kimepewa jina, sauti na macho ya kupepesa, kitazamwe kwa jicho la mkwe mgeni, mpaka tujue kama kinafunguka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji wa vifaa kadhaa, zikiwamo mashine za kufulia na simu, kuvikarabati kwa bei ya haki hata muda wa dhamana ukishapita. Sisi tuliokuwa na utamaduni wa ukarabati kabla ya sheria hiyo kuandikwa tunaletewa simu zilizogundishwa kwa gundi, na tunazishangilia kwa wembamba wake.

Humu ndani mtakuta makala kuhusu majahazi ya Lamu na macho yanayowekwa omoni mwake, barua ya mjane kwa baiskeli ya mumewe, na mjadala mkali wa wahandisi wawili ambao mhariri amejaribu kuwapatanisha akashindwa. Msomaji, kabla hujalipia kifaa kinachokuita kwa jina lako, muulize muuzaji kikiharibika nani atakifungua, na kampuni ikifungwa kitaendelea kuzungumza na nani. Akibabaika, rudisha pochi mfukoni. Na ninyi mafundi mnaotusoma, tuandikieni kuhusu mashine mnazoziita kwa majina, na zile ambazo watengenezaji wake wamewafungia.